Kuunda Mfano wa Ndege kwa Vipande Vilivyobaki

Namwomba mwalimu wa kila darasa achukue chaki, asimame karibu na ubao. Kila mwanafunzi awe na karatasi, penseli na rula. Asiye na rula na akae karibu na mwenziwe aliye nayo.

Wiki iliyopita tulisoma habari za sehemu: nusu, robo, na moja ya nane. Baadhi yenu mliniandikia barua, mkauliza, "Je, sehemu hizi zina kazi gani kwa mtu mzima?" Swali hilo ni jema. Leo nitalijibu kwa kitu kilichopo mezani mbele yangu.

Kitu chenyewe ni ndege ya vita. Haina injini wala risasi, na naweza kuibeba katika kiganja cha mkono. Tangu pua mpaka mkia ina urefu wa inchi 5 tu. Huu ni mfano wa ndege ya Kiingereza iitwayo Spitfire. Nimeuunda mwenyewe kwa vipande vilivyobaki. Tena niliukosea, na kosa langu ndilo somo la leo.

Kwanza tuijue ndege yenyewe. Spitfire ilibuniwa na fundi mkuu aliyeitwa R. J. Mitchell. Iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi, 1936, karibu na mji wa Southampton, Uingereza. Mitchell alifariki mwaka 1937, asiione ndege yake ikienda vitani. Mwaka 1940, Wajerumani walipotaka kuishinda Uingereza kwa njia ya anga, Spitfire na mwenzake Hurricane ndizo zilizokuwa ngao kubwa ya Waingereza. Kwa jumla ziliundwa Spitfire zaidi ya 20,000.

Spitfire za mwaka 1940 zilikuwa na upana wa futi 36 na inchi 10, tangu ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili. Urefu wake ulikuwa futi 29 na inchi 11, yaani futi 30 kasoro inchi 1. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hesabu hizo mbili. (Kituo kifupi.)

Sasa, katika nchi nyingi huuzwa makasha yenye vipande vya plastiki vya kuundia mifano ya ndege. Ndani ya kasha mna mabawa, kiwiliwili, mkia, magurudumu, na karatasi ya maelezo. Mtu huvikata vipande, huvisugua kwa msasa, huviunga kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Juu ya kasha huandikwa hesabu ndogo. Mara nyingi hesabu hiyo ni 1/72. Watu wengi huipita bila kuisoma. Sisi tuisome: moja ya sabini na mbili. Maana yake ni kwamba kila urefu katika ndege ya kweli umegawanywa mara 72. Hesabu ya namna hii huitwa skeli.

Mbona 72, wala si 70 au 100? Hesabuni pamoja nami. Futi moja ina inchi 12. Futi 6 zina inchi ngapi? (Kituo kifupi.) Naam, 6 mara 12 ni 72. Basi katika skeli ya 1/72, inchi 1 ya mfano ni sawa na futi 6 za kitu cha kweli. Mtu mrefu wa futi 6 huwa na kimo cha inchi 1. Ndiyo maana skeli hii ni nyepesi kwa mtu anayehesabu kwa futi na inchi. Gawanya futi kwa 6, nawe umepata inchi za mfano.

Tuijaribu. Urefu wa Spitfire ni karibu futi 30. Gawanya kwa 6. Jibu ni inchi 5. Wanaotumia sentimita waandike 12.7. Upana wake ni futi 36 na inchi 10. Futi 36 gawanya kwa 6, ni inchi 6. Zile inchi 10 zilizobaki zikigawanywa kwa 72 huwa kidogo sana, kama moja ya saba ya inchi. Basi upana wa mfano ni inchi 6 na kitu kidogo kupita moja ya nane, yaani sentimita 15.6.

Sasa nisikilizeni habari ya kosa langu.

Mtu mmoja alinipa sanduku la mabaki. Alikuwa ameunda ndege nyingi, na vipande vilivyomzidi alivitupa humo. Makasha mengine huwa na rafadha mbili, au magurudumu ya akiba, na mengine huachwa katikati ya kazi. Nilikuta kiwiliwili cha Spitfire, kizima. Nilikuta mikia, magurudumu, na mabawa ya kila namna. Nikajiambia, "Hapa pana ndege kamili, kazi ni kuunganisha tu."

Nilianza vizuri. Nilitandaza gazeti mezani, nikavipanga vipande kwa mafungu: mabawa upande huu, mikia upande ule, rafadha peke yake. Bawa moja lilikuwa kubwa mno, likaonekana dhahiri kuwa limetoka katika skeli ya 1/48. Katika skeli hiyo inchi 1 ni futi 4 tu, na Spitfire nzima huwa na upana wa inchi 9 na zaidi. Hilo nililiweka kando mara moja. Kosa kubwa hujionyesha lenyewe.

Katika fungu la rafadha nilikuta moja nzuri, yenye mapanga 5. Nilitaka kuitumia kwa sababu ya uzuri wake. Lakini Spitfire yenye mapanga 5 na injini ya Griffon iliingia vitani mwaka 1944. Ndege niliyokuwa naunda ni ya mwaka 1940, yenye injini ya Merlin na mapanga 3. Kipande kilikuwa cha skeli ile ile na cha jina lile lile, ila si cha mwaka wake. Basi nikaiacha, nikatumia yenye mapanga 3. Hapo nikajiona hodari.

Kisha nikachagua mabawa mawili. Yalikuwa ya skeli ya 1/72, na ncha zake zilikuwa za mviringo. Hayakukaa sawasawa ubavuni mwa kiwiliwili. Nikakwangua kwa tupa mpaka yakakaa. Nikatia gundi, nikaziba nyufa, nikasugua kwa msasa, nikapaka rangi ya kijani na kahawia. Siku ya pili nikaichukua ndege yangu mpaka darasa moja la watu wazima, niwafundishe habari za skeli.

Katika darasa hilo alikuwako mzee mmoja, fundi seremala. Alikuwa amejifunza kusoma kwa muda wa mwaka mmoja. Nilieleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikaandika ubaoni futi 36 na inchi 10, kisha nikaipitisha ndege mkononi mwa kila mtu. Ilipomfikia yule mzee hakuisifu. Alitoa rula yake mfukoni, akapima, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akanyosha mkono.

Akasema, "Samahani, Bwana Elimu. Umetuambia ndege hii ina futi 36 na inchi 10."

Nikajibu, "Ndivyo, mzee wangu."

"Nami nimepima bawa kwa bawa, nimepata inchi 6 na theluthi mbili. Nimezidisha kwa 6 kama ulivyotufundisha. Rula yangu inanipa futi 40. Sasa, Bwana Elimu, rula imekosea au ndege imekosea?"

Darasa zima likanyamaza. Nilichukua rula yangu nikapima. Mzee alikuwa na haki. Futi 40 ndio upana wa Hurricane. Nilikuwa nimeitia Spitfire mabawa ya Hurricane! Kiwiliwili hakikuyakubali, nami nikakilazimisha kwa tupa. Plastiki iliniambia kweli, nisisikie.

Ndugu zangu, niliona haya. Mimi nina cheti cha chuo kikuu, na yeye alikuwa bado anafuatisha maneno kwa kidole. Lakini niliona furaha zaidi kuliko haya. Mwanafunzi aliyeweza kumwambia mwalimu, "Rula yangu inasema vingine," huyo amekwisha kuelimika. Nilimpa chaki, akaenda ubaoni, akaifanya hesabu yake mbele ya wote.

Baada ya darasa alinifuata. Akasema, "Mwanangu, mbao zikikataa kuungana usizilazimishe. Zipime." Hayo ni maneno ya ufundi wake, nami nayaona kuwa maneno ya elimu pia.

Ilibaki kazi ya kutengeneza. Gundi ya plastiki si kama ya karatasi. Huyeyusha kidogo uso wa vipande viwili, vikashikana vikawa kitu kimoja. Haibanduki. Ilinipasa kuyakata mabawa kwa msumeno mwembamba, polepole. Kisha nikarudi kwenye sanduku, mara hii na rula mkononi. Nikapata sehemu za juu za mabawa ya Spitfire, kulia na kushoto. Bawa la Spitfire halifanani na la Hurricane: kingo zake zote zimepinda taratibu, kama yai lililorefushwa. Sehemu ya chini haikuwako kabisa. Nikaweka zile za juu juu ya karatasi, nikachora ukingo wake, nikapata kiolezo. Nikalaza kiolezo juu ya plastiki nyembamba ya kifuniko cha kopo, nikakata, nikasugua. Nikapima kabla ya kutia gundi: inchi 6 na kitu kidogo kupita moja ya nane. Ndipo nikaunga. Hata magurudumu niliyaangalia tena. Miguu ya Spitfire hukunjwa kwa nje, kuelekea ncha za mabawa. Ya Hurricane hukunjwa kwa ndani.

Labda mtu atasema, "Huu ni mchezo tu. Futi 3 kuzidi au kupungua zina dhara gani?" Nitawapa habari mbili za kweli.

Tarehe 6 Septemba, 1939, siku ya nne tangu Uingereza iingie vitani, ving'ora vililia kwa habari ya uongo kwamba adui anakuja. Marubani wa Spitfire walipaa, wakaona ndege mbele yao, wakazipiga. Zilikuwa Hurricane mbili za Waingereza wenzao. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, alikufa. Katika fujo ya vita, jicho lisilokuwa na hakika liliua rafiki.

Habari ya pili. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde mifano ya ndege 500,000 kwa mbao. Skeli yake ilikuwa 1/72, na mifano ilipakwa rangi nyeusi. Askari waliitazama ili wajifunze kutambua ndege za rafiki na za adui kwa umbo lake. Hesabu yake ni ile ile tuliyosoma. Mfano wa 1/72 ukiutazama kutoka hatua 10, unaonekana kwa ukubwa kama ndege ya kweli iliyo mbali hatua 720. Kila mfano ulipaswa kuwa wa kweli, kwa sababu mfano wa uongo hulifundisha jicho uongo. Mtoto aliyekosea kupima darasani angeweza kumpotosha askari asiyemjua, ng'ambo ya bahari.

Basi, mwalimu, andika ubaoni mambo matatu, na kila mmoja ayanakili.

Kwanza: soma hesabu iliyoandikwa juu ya kitu kabla ya kukitumia.

Pili: vipande vikiwa vya skeli moja, bado uliza kama ni vya kitu kimoja na cha mwaka mmoja.

Tatu: pima kabla ya kuunga. Gundi ikikauka, rula huja kama shahidi tu, si kama msaidizi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Pimeni upana na urefu wa mlango wa nyumba zenu kwa inchi. Chukueni skeli ya 1/12, ambayo inchi 1 ni sawa na futi 1. Chora mlango huo katika karatasi. Kisha mpe mwenzio karatasi bila kumwambia kitu, naye akuambie mlango wa kweli una ukubwa gani. Akikosea, pimeni tena nyote wawili, na msione haya kuambiana.

Yule mzee sasa husoma gazeti bila kidole. Ndege yangu huiweka mezani kila ninapofundisha somo hili, na chini ya bawa la kushoto bado pana kovu la msumeno. Ningeweza kulifunika kwa rangi. Nimeliacha, ili mwanafunzi akiniuliza, nimweleze.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka wiki ijayo.