Wanyama Katika Sarafu Zetu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Matombo, Morogoro

Leo hatuhitaji kitabu. Kila mmoja atoe sarafu yake mfukoni, au afungue fundo la khanga, aiweke mbele yake. Asiye nayo atazame ya jirani.

Sarafu ina pande mbili. Upande mmoja una sura ya mtu, na upande wa pili una sura ya mnyama. Tazameni shilingi 50: hapo yuko faru na mtoto wake. Shilingi 100 ina swala. Shilingi 200 ina simba wawili. Shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ina nyati. Someni tarakimu kwa sauti, kisha tafuteni mwaka ulioandikwa, msome na huo.

Sasa tuulizane: kwa nini Serikali iweke wanyama juu ya fedha?

Wazee wetu watakumbuka senti za zamani zenye tundu katikati. Hizo zilikuwa senti za Afrika Mashariki, za wakati wa ukoloni. Senti 5 na senti 10 zilizungukwa na pembe za ndovu. Zilikuwa pembe tupu, ndovu mwenyewe hakuwapo. Siku zile ndovu alihesabiwa kuwa mali alipokwisha kufa.

Baada ya Uhuru tukawa na fedha yetu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu zake za kwanza zilionyesha wanyama wakiwa hai: mbuni katika senti 20, sungura katika senti 50. Mwaka 1990 ikatoka shilingi 20 yenye ndovu na mtoto wake. Basi pimeni tofauti. Sarafu ya mkoloni ilionyesha pembe, na sarafu yetu ilionyesha mama na mtoto. Maana yake ni kwamba sasa mali ni yule ndovu anayetembea na kuzaa.

Lakini ziko sarafu nyingine ambazo wengi wetu hatujapata kuziona. Hizo huitwa sarafu za ukumbusho. Sarafu ya ukumbusho hutengenezwa kwa ajili ya kukumbuka jambo fulani. Hutengenezwa chache, mara nyingi kwa fedha safi au dhahabu, na huuzwa kwa watu wanaopenda kuziweka. Ni fedha halali, lakini hakuna anayekwenda nayo dukani kununua chumvi, kwa sababu madini yake yana thamani kuliko tarakimu iliyoandikwa juu yake.

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu za namna hiyo pamoja na shirika la dunia la kuhifadhi wanyama, liitwalo WWF, lililoundwa mwaka 1961. Shilingi 25 ya fedha ilikuwa na twiga. Shilingi 50 ya fedha ilikuwa na faru. Shilingi 1,500 ya dhahabu, yenye uzito wa zaidi ya gramu 33, ilikuwa na duma. Nchi nyingine nyingi zilitoa sarafu zao katika mpango huo huo, na sehemu ya mapato ikaenda katika kazi ya kuhifadhi wanyama.

Mwaka 1986 shirika hilo lilitimiza miaka 25. Tanzania ikatoa tena sarafu mbili. Shilingi 100 ya fedha ilikuwa na ndovu na mtoto wake. Shilingi 2,000 ya dhahabu ilikuwa na ndege mdogo sana, naye ni chozi wa kijani mwenye ukanda mwekundu kifuani. Chozi huyo haonekani katika nchi nyingine yoyote ila Tanzania, katika misitu ya milima kama Usambara, Nguru, Udzungwa, na hii Uluguru yetu. Ndugu zangu, ndege wa mlima huu aliwekwa juu ya dhahabu, na watu wa nchi za mbali wakamnunua.

Je, kuwatia wanyama katika sarafu kuliwaokoa? Tusidanganyane. Mwaka 1974 faru alipowekwa katika sarafu ya ukumbusho, faru walikuwa wengi nchini. Mwaka 1980 walikadiriwa kuwa zaidi ya 3,000. Kisha majangili wakawaua kwa ajili ya pembe, na katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 100 nchi nzima. Shilingi 50 yenye faru na mtoto wake ilitoka mwaka 1996. Wakati huo faru waliokuwa katika sarafu za duka moja walikuweza kuwazidi faru wote walio hai Tanzania.

Na ndovu pia. Mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Kwa hiyo sura iliyo katika fedha haimlindi mnyama. Anayemlinda ni askari wa wanyamapori, na ni jirani anayekataa kumficha jangili.

Najua mtaniambia, "Bwana, ndovu wa sarafu hali mahindi. Wa kweli anakula." Ni kweli. Wenzetu walio karibu na Kisaki, kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka pori la Selous, wanalijua jambo hili kuliko mtu wa mjini. Mtu aliyekesha shambani akipiga debe hawezi kushibishwa na hadithi ya dhahabu. Basi jueni haki yenu. Ziko kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho, yaani malipo kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Malipo hayo hayalingani na hasara yote, lakini ni haki. Hasara ikitokea, usingoje. Toa habari ofisi ya kijiji mara moja, ili afisa wa wanyamapori aje kupima shamba. Andika tarehe, ukubwa wa shamba, na zao lililoliwa. Hii ndiyo faida moja ya kujua kusoma na kuandika.

Na sisi wa mlimani tuna kazi yetu. Chozi yule hana pembe wala nyama ya kutamaniwa. Huuawa na shoka na moto, maana msitu ukiisha, naye ameisha. Msitu wa juu ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru mwaka 2008. Msitu huo huo ndio unaolisha vijito vyetu na mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Anayewasha moto mlimani ili kusafisha shamba na kuuacha upande msituni anamwua chozi, na anakausha kisima cha mkewe.

MANENO YA LEO

Sarafu: fedha ya madini.
Ukumbusho: jambo la kukumbusha.
Jangili: mwindaji asiye na ruhusa.
Kifuta jasho: malipo kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama.

MASWALI

1. Senti za zamani zenye tundu zilikuwa na sura ya nini?
2. Kwa nini mtu hanunui chumvi kwa sarafu ya ukumbusho?
3. Ndege gani wa Uluguru aliwekwa katika sarafu ya dhahabu, na mwaka gani?
4. Toka 1974 mpaka 1996 ni miaka mingapi?
5. Andika barua fupi kwa ofisi ya kijiji kueleza kwamba ndovu wameingia shambani mwako.

Barua zenu msahihishiwe na mwalimu wa darasa.