Motokaa ya Mamilioni na Mikono Iliyoifua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa gereji katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa nizungumze juu ya motokaa za zamani za mashindano, zile ambazo matajiri huzinunua na kuziweka kama johari. Pengine mmoja wenu atauliza, sisi zatuhusu nini? Zatuhusu kwa kuwa zilifanywa na mafundi kama ninyi. Nitachukua moja tu iwe mfano, nayo ni Ferrari 250 GTO ya Italia.

Motokaa hiyo ilitengenezwa tangu mwaka 1962 hata 1964. Injini yake ina silinda 12 na ukubwa wa lita 3, na nguvu zake ni kama za farasi 300. Zilitengenezwa 36 tu. Kanuni za mashindano zilitaka 100, lakini kampuni ilidai kuwa hii ni motokaa yake ya awali iliyorekebishwa, na dai hilo likakubaliwa.

Bodi zilifuliwa mjini Modena katika karakana ya Sergio Scaglietti. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1920, hakuwa msomi wa chuo. Alifiwa na baba yake, akaanza kazi ya bodi akiwa na miaka 13. Enzo Ferrari alipendezwa naye kwa sababu ya madigadi aliyoitengeneza vizuri baada ya kuharibika. Katika karakana yake bati la alumini liliwekwa juu ya mfuko wa mchanga, likagongwa kwa nyundo mpaka likapata umbo, na jicho lilitegemewa kuliko michoro. Ndiyo sababu motokaa hizo hutofautiana hapa na pale.

Mwishoni mwa 1961, kazi ikiwa haijamalizika, wakuu kadhaa waligombana na Ferrari wakaondoka, na miongoni mwao alikuwa Giotto Bizzarrini, mhandisi aliyeiongoza kazi hiyo. Kazi haikufa. Alikabidhiwa Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26, ambaye baba yake alikuwa fundi kiwandani humo. Yeye na mafundi wakaimaliza.

Sasa sikilizeni bei. Ilipokuwa mpya iliuzwa Marekani kwa dola 18,000 hivi. Mwezi wa Agosti 2018 moja ilinadiwa California kwa dola zaidi ya milioni 48. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ikaamua kuwa umbo lake ni kazi ya sanaa, lisiigwe ovyo. Fedha za mnada zilikwenda kwa mwenye motokaa. Aliyeshika nyundo alikwisha kupokea mshahara wake zamani, basi.

Ndugu zangu, mwajiri akiwaambia kuwa kunyoosha bodi ni kazi ya nguvu tu, mjibuni kwa mfano huu. Ufundi hulipwa siku unapofanyika, haungojwi miaka 50. Kwa hiyo bei yake yapasa kupatanwa mapema, nayo iandikwe katika mapatano ya mishahara, fundi awe na daraja lake. Na ninyi wazee wa kazi, msiwafiche vijana ujuzi wenu, kwani ujuzi ukizikwa na mwenyewe, hatutakuwa na kitu cha kudai.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Lakini pete haiji yenyewe. Yatupasa kuidai pamoja.