Huwaita kwa Majina

Leo tutafakari kidogo juu ya maneno ya wafugaji wa nchi ya Ayalandi.

Katika lugha yao ya asili, Kiayalandi, kondoo huitwa caora, na mwana-kondoo ni uan. Lakini mfugaji haishii hapo. Dume ni reithe, dume aliyehasiwa ni molt, na jike wa mwaka mmoja ni fóisc. Nasi twajua jambo hilo: mwenye ng'ombe husema ndama, mtamba, fahali au maksai. Anayeishi na mnyama humtambua, na akimtambua humpa jina lake.

Maneno hayo yalitoka zizini yakaenea kote. Ng'ombe ni bó, na kutokana naye barabara ikaitwa bóthar. Kamusi moja ya kale, ambayo husemwa ni ya Askofu Cormac mac Cuilennáin aliyefariki mwaka 908, yaeleza kwamba upana wake watosha ng'ombe wawili, mmoja kwa urefu na mwingine amekingama. Mvulana ni buachaill, neno ambalo zamani lilimaanisha mchunga ng'ombe. Na tréadaí ni mchunga kundi, na pia mchungaji wa kanisa.

Kisha ikaja njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wapatao milioni wakahama. Wengi walikuwa maskini wa magharibi, wasemaji wa lugha hiyo. Kati ya waliobaki, wengi waliwasemesha watoto wao Kiingereza, ili wapate kazi ng'ambo. Kondoo walibaki malishoni, lakini mahali pengi majina yao yalinyamaza.

Leo Kiayalandi hufundishwa shuleni, na katika sehemu za magharibi kama Connemara kingali lugha ya nyumbani. Twashukuru. Hata hivyo, kitabu chaweza kumfundisha mtoto neno fóisc. Kumtambua fóisc mwenyewe kundini hufundishwa na mzee aliyesimama naye zizini.

Wapendwa, katika Yohana sura ya 10 twasoma kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina. Je, watoto wetu wataitaje mifugo yetu kesho? Jioni ya leo, mifugo ikirudi, tusimame nao mlangoni pa zizi, tuwatajie mmoja mmoja kwa lugha ya nyumbani.