Zawadi ya Kipande cha Ngozi



Leo nataka tuzungumze juu ya zawadi ndogo mno, ndogo kuliko punje ya choroko: kipande cha ngozi kikatwacho mkononi mwa mtu kwa ganzi, kwa ajili ya utafiti. Mtoaji akiwa mgonjwa hurudi nyumbani mgonjwa vilevile. Hapati nafuu yoyote kwa sababu ya kipande kile, wala hakuna ajuaye kama atakuwa hai siku dawa itakapopatikana. Hata hivyo wapo waliotoa, na wengine wao hawakuwa wagonjwa hata kidogo.

Ugonjwa ninaousema ni ule uliopewa jina la tabibu James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu kidogo alichokichapisha London mwaka 1817. Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, hatua hufupika, na uso hupoteza ishara zake hata jamaa hudhani mzee amekasirika. Chanzo ni kufa kwa seli fulani zilizo ndani kabisa ya ubongo, zitengenezazo dopamini, kemikali iupayo mwili wepesi wa kujongea. Dawa ya levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960, humsaidia mgonjwa kutembea na kushika kikombe chake, lakini haizuii seli hizo kuendelea kufa. Wagonjwa walio wengi hawakuurithi moja kwa moja ugonjwa huu. Ila ziko koo ambamo hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Ukoo mmoja wa namna hiyo asili yake ni Contursi, mji mdogo wa kusini mwa Italia, na baadhi ya watu wake walihamia Marekani. Madaktari waliwafuata pande zote mbili za bahari, wakaandika nani mzazi wa nani, nani alitetemeka na nani hakutetemeka, wakachukua damu. Mwaka 1997 ikatangazwa kwamba kosa limo katika jeni inayotengeneza protini iitwayo alfa-sinukleini. Herufi moja tu imebadilika. Herufi moja! Kosa lilelile likaonekana katika familia kadhaa za Ugiriki. Mtoto wa mzazi mwenye kosa hilo ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi.

Lakini kulijua kosa si kujua jinsi linavyoua seli. Ubongo wa mtu aliye hai haufunguliwi ukachotwa kama chungu, na ubongo wa marehemu ni kama nyumba iliyokwisha kuungua: majivu yapo, lakini moto ulianzia chumba gani? Mlango ulifunguliwa Japani. Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto alionyesha, mwaka 2006 kwa seli za panya na mwaka 2007 kwa seli za binadamu, kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima yaweza kurudishwa utotoni, ikawa seli shina iwezayo kukuzwa iwe seli ya moyo, ya ini, au ya ubongo. Mwaka 2012 alishiriki Tuzo ya Nobel.

Tangu hapo kipande cha ngozi chaweza kuzaa nasaba ya seli: kizazi baada ya kizazi cha seli zilizotokana na mtu mmoja, zikilelewa katika visahani vya maabara, au zikigandishwa katika naitrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri hadi zitakapohitajika. Kutokana nazo hupatikana seli za ubongo zenye kosa lilelile la ukoo, na mtafiti huzitazama zikianza kuugua mbele ya macho yake.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliirekebisha ile herufi moja ndani ya seli za mgonjwa, wakapata nasaba mbili zinazofanana isipokuwa kwa herufi hiyo. Tofauti ikionekana kati yao, mshtakiwa ni mmoja. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walikuza seli za mgonjwa ambaye ukoo wake una nakala za ziada za jeni hiyo, wakaziweka kando ya seli za jamaa yake wa damu aliye mzima. Seli za mgonjwa zilitengeneza protini ile maradufu.

Mimi humfikiria zaidi huyo jamaa mzima. Majina ya watafiti yamechapishwa, lake halimo. Bila ngozi yake, seli za ndugu yake zisingekuwa na mizani ya kupimiwa.

Tena, kutoa ni kwa aliyeombwa. Mwaka 1951, huko Baltimore, seli za saratani za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, zilichukuliwa bila ya yeye kuulizwa zitafanyiwa nini. Alifariki mwaka huohuo. Seli zake zingali hai katika maabara za dunia nzima, na wengine wamefanya biashara kwazo, ilhali jamaa zake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Basi Mwafrika akisita anapoombwa ngozi yake, asidharauliwe.

Hata hivyo kusita nako kuna gharama. Mwaka 2023 utafiti uliohusisha Wanijeria wengi ulifichua badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya ugonjwa huu kwa watu wa asili ya Afrika, badiliko ambalo kwa Wazungu ni nadra mno. Lilikaa limejificha kwa kuwa watu waliochunguzwa kwa miaka mingi walikuwa hasa wa asili ya Ulaya. Badiliko hilo halichunguziki katika seli zisizo nalo.

Kwa hiyo aombwaye na aulize kabla ya kutia sahihi: seli zangu zitakaa wapi? Nani atazitumia, na je, zitauzwa? Nikibadili nia, naweza kujitoa? Na je, nikiwa na kosa lile nitaambiwa, au naweza kuomba nisiambiwe? Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana jibu lililomo katika seli zake linawahusu watoto wake pia, na wao hawakutia sahihi.