TAARIFA YA TAWI: VIJANA WANAOLALA GULIONI

*Maneno ya Katibu wa Tawi la Lyulilo kwenye mkutano wa wanachama. Yanasambazwa kwa wote, hasa waliokuwa ziwani na mashambani.*



Ajenda ya tatu inahusu vijana wanaobeba mizigo gulioni. Kila Jumamosi mnawaona. Mitumbwi ya vyungu ikifika kutoka Ikombe, wao ndio wanaoshusha. Jioni kila mtu anarudi kwake, lakini baadhi yao hawana pa kurudi. Wanalala kwenye vibanda vya soko, na mvua za Kyela mnazijua.

Nimesikia ikisemwa kuwa hao ni wahuni, tuwafukuze. Kabla hatujaamua, nisikilizeni habari za Charles Mulli wa Kenya.

Mulli alizaliwa Ukambani. Akiwa na miaka sita aliamka akakuta wazazi wamehama, wamemwacha. Akaishi kwa kuombaomba. Alipokuwa kijana alitembea kwa miguu hadi Nairobi, asikokuwa na ndugu. Mama mmoja wa Kihindi akampa kazi za nyumbani. Baadaye alihamia Eldoret, akanunua gari moja la abiria, yakaongezeka, akafika kwenye mabasi. Akawa tajiri.

Mwaka 1986 aliegesha gari Nairobi. Watoto wa mitaani wakamwomba awalipe walilinde, akakataa. Aliporudi, gari halikuwepo. Akapanda basi kurudi nyumbani, na kilichomsumbua kuliko gari ni wale watoto, maana naye alikuwa kama wao. Mwaka 1989 aliacha biashara, akaanza kuwaleta watoto wa mitaani nyumbani kwake, wakakaa pamoja na wanawe wanane wa kuwazaa. Ndiyo ikawa Mully Children's Family, yenye shule na mashamba kule Ndalani. Aliowalea ni maelfu.

Ndugu wanachama, mimi ni mtu wa hesabu. Nikifungua kitabu cha Mulli, mtaji wa kwanza ninaouona ni ile kazi ya nyumbani. Yule mama hakutoa fedha nyingi. Alimfungulia mlango mtu asiyemjua, na faida yake inahesabika hadi leo.

Sasa turudi Lyulilo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini mkopo unataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na utambulisho wa makazi. Anayelala kibandani atatambulishwa na nani? Fedha ipo, yeye anakwama kwenye barua.

Kwa hiyo napendekeza:

1. Mabalozi waorodheshe vijana hao kwa majina na umri. Asiulizwe mtu kadi ya Chama.

2. Wenye miaka 18 na kuendelea, Kamati iwafikishe ofisi ya kijiji watambuliwe, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wasaidiwe kuunda kikundi.

3. Walio chini ya umri huo wafikishwe ustawi wa jamii. Hao ni watoto, mahali pao ni shuleni.

4. Mwenye chumba, mtumbwi, shamba la mpunga au kokoa linalohitaji mikono, ajitaje kwangu. Malipo yawe ya haki, yasiwe ya kumwonea mtu kwa sababu hana kwao.

Wapo humu wenye maduka leo ambao walifika ufukweni hapa na kifurushi kimoja, wakapokewa. Deni hilo halidaiwi na benki, lakini lipo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana hawa siku ya tatu yao imepita zamani, na jembe hatujawapa.

Jumamosi ijayo baada ya gulio tukutane ofisi ya tawi. Nitasoma orodha, na nitasoma waliojitolea.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi, Lyulilo*