Gharama ya Kustahimili: Ngara na Biharamulo Mikononi mwa Watafiti



Ukitoka Lusahunga, Biharamulo, kuelekea mpaka wa Rwanda, kabla ya kuteremka Rusumo unapita Benaco. Malori ya Kigali hulala hapo. Kuna nyumba za kulala wageni, mafundi wa matairi, mama lishe na wabadili fedha. Jina hilo ni la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyowahi kupiga kambi pale wakati wa kujenga barabara. Kampuni ikaondoka, jina likabaki, na mwaka 1994 dunia nzima ikalijua kwa sababu nyingine kabisa.

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa hesabu ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo kukimbia Rwanda. Walikuwa wengi kuliko wakazi wote wa wilaya ya Ngara. Wahangaza na Washubi waliolala wakiwa na majirani wa kawaida waliamka wakiwa na mji mkubwa kuliko wowote waliowahi kuuona, mji usio na choo wala kisima.

Tangu hapo wilaya za Ngara na Biharamulo hazijakosa watafiti. Kwa kweli walikuwapo hata kabla. Kuanzia 1991 hadi Januari 1994, Benki ya Dunia pamoja na chuo cha Muhimbili walizipitia kaya zaidi ya 900 katika jamii 51 za mkoa wa Kagera, mara nne kwa kila kaya, wakiuliza kinacholiwa, kinachouzwa, nani anaumwa na nani amefariki. Shabaha yao ilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na wachumi walitaka kujua kaya inapataje kuishi baada ya kumzika mtu mzima aliyekuwa akiilisha. Dodoso la mwisho lilikunjwa miezi mitatu kabla ya wakimbizi wa Rwanda kufika. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini kwa mwanatakwimu hiyo ni bahati ya ajabu: picha ya kaya zile zile kabla ya tufani. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale, wakazipata zaidi ya asilimia 90 ya kaya za awali, wakarudi tena 2010. Wapo waliofuatwa hadi Dar es Salaam na hadi Uganda. Ni kazi ya kuheshimiwa, na nitakayoyasema leo yanaegemea juu yake.

Ninalotaka kusema ni kwamba utafiti huu umetuzoesha kutamka kirahisi kuwa jamii fulani ilistahimili, ilhali ndani ya takwimu zake umeficha jina la aliyelipa.

Tazameni matokeo yenyewe. Beth Whitaker, aliyefanya utafiti magharibi mwa Tanzania katika miaka ile ya 1990, alionyesha kuwa neema na maumivu ya kambi za wakimbizi havikugawanyika sawa kwa wenyeji. Mwenye shamba kubwa alipata vibarua kwa ujira wa kutupa, kwa sababu wakimbizi walihitaji chochote cha kuongezea mgao. Mwenye mtaji kidogo alifungua duka. Aliyekuwa akiishi kwa kulima mashamba ya wenzake alikuta kazi yake imechukuliwa na mtu mwenye njaa kuliko yeye. Miaka kadhaa baadaye Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walizichambua takwimu za Kagera wakafika karibu na pale pale: wakulima wenye mashamba yao walifaidika, vibarua wa mashambani waliumia, tena mara mbili, kwani ujira ulishuka na bei za vyakula zikapanda.

Hizo bei zina kisa chake. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi na maharage zaidi. Wanyarwanda wengi, kama wenyeji wao, walizoea ndizi na viazi. Basi mahindi ya msaada yalitoka kambini kwenda vijijini, na ndizi zikatoka vijijini kwenda kambini. Jennifer Alix-Garcia na David Saah walionyesha kuwa vyakula visivyo vya msaada, ndizi zikiwemo, ndivyo vilivyopanda sana. Kwa mwenye mgomba ilikuwa sherehe. Mwenye kununua mkungu kila Jumamosi alihamia kwenye mahindi ya kambini, au alipunguza kula.

Aliyepunguza kula zaidi alikuwa mtoto. Javier Baez, kwa vipimo vya utafiti ule wa kaya za Kagera, aliwalinganisha watoto wa upande wa magharibi wa mkoa, karibu na kambi, na wa upande mwingine. Waliokuwa wadogo wakati wa ujio ule walikua wakiwa wafupi kwa wastani wa karibu sentimita 1.8, na elimu yao ilipungua. Sentimita hizo hazimo katika ripoti yoyote ya uharibifu wa mazingira, wala serikali haikuzidai kwa wafadhili wakati wa kupiga hesabu ya miti iliyokatwa. Ziko miilini mwa watu ambao leo wana miaka thelathini na kitu na wana watoto wao.

Sasa wekeni hayo karibu na utafiti mwingine wa takwimu zile zile. Maystadt pamoja na Gilles Duranton wanasema kuwa kwa muda mrefu, ujio wa wakimbizi uliinua hali ya maisha ya wenyeji, hasa kwa sababu barabara zilizojengwa kuwahudumia zilibaki na kupunguza gharama za usafiri. Na ni kweli: Benaco ya leo inaishi kwa barabara. Baez hakukosea, na Maystadt na Duranton hawakukosea. Barabara imeinua wastani, na kijana aliyedumaa anaendesha bodaboda juu ya barabara hiyo hiyo. Wastani unawapokea wote wawili bila kuona tatizo, na hapo ndipo mimi naona tatizo la taaluma yetu.

Kufichwa kwa aliyelipa si jambo la 1994 tu. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika enzi za ukoloni, alichapisha mwaka 1971 kitabu kikubwa kuhusu malale na nagana, akasema jambo lililowakera wakubwa wa fani yake: kwamba Waafrika walikuwa na namna yao ya kuishi na mbung'o, kwa kufyeka, kuchoma, kulisha na kukaa kwa mpangilio uliowaweka wanyama pori mbali. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, watu wakapungua, pori likarudi hadi milangoni. Malale yalipozuka, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa maeneo ya magharibi, Biharamulo ikiwemo, ikawarundika katika makazi maalumu. Helge Kjekshus, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1977. Wanafunzi wangu huwapenda sana hawa wawili, na mimi nawapenda, ila nawaonya: hata wao huandika “watu” kana kwamba kila mtu alishika panga la kufyekea. Mwenye mifugo mingi alihitaji pori lifyekwe. Aliyelifyeka mara nyingi alikuwa mwingine.

Niliingize hapa jambo linalosumbua hesabu zetu zote. Katika jedwali la mtafiti kuna safu mbili, mwenyeji na mkimbizi. Huko Ngara, Kihangaza na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani, na koo zimekaa pande zote za mpaka tangu kabla Wabelgiji na Waingereza hawajauchora. Mwaka 2013, kufuatia agizo la Rais la kuwataka wahamiaji haramu waondoke, na baadaye Operesheni Kimbunga ya kuwasaka, maelfu ya watu waliovushwa Rusumo kurudi Rwanda walikuwa wameishi Kagera miaka mingi, wengine wameoa na kuzaa hapo. Jamii inayopimwa ustahimilivu wake ni ipi, ikiwa mwanachama wake wa jana ni mhamiaji haramu leo?

Nije kwenye janga la karibuni. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya ugonjwa wa Marburg katika mkoa wa Kagera. Wizara ya Afya ikasema sampuli hazikuonyesha ugonjwa. Siku sita baada ya tahadhari hiyo, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo alithibitisha kuwa upo, Biharamulo. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wagonjwa waliohesabiwa, wa hakika na wa kudhaniwa, walikuwa 10. Wote walifariki.

Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti nayo ni ya hatari. Kwa hiyo wataalamu walikataza yale yale tunayoyasifu tukiandika juu ya mshikamano: kumwosha marehemu, kulala msibani, kushikana mikono. Katazo lilikuwa sahihi, silibishi. Lakini chunguzeni msiba wa Biharamulo unavyoendeshwa. Mwenye mshahara hutuma mchango kwa simu akiwa Mwanza. Asiye na fedha huja na mwili wake: anapasua kuni, anateka maji, anachimba kaburi, anakesha. Ndiyo akiba yake, kwa sababu kesho akifiwa yeye watamjia waliomwona. Ukikataza kuja, mwenye simu bado anachanga. Maskini amezuiwa kuweka akiba ya aina pekee aliyo nayo.

Hilo si la kukisia tu. Joachim De Weerdt aliichora Nyakatoke, kijiji cha Wahaya katika mkoa huo huo, kaya zote 119, nani humkimbilia nani akipata shida. Alikuta kaya maskini zina mtandao mwembamba kuliko tajiri. Wanaohitaji zaidi kusaidiwa ndio wenye watu wachache wa kuwagongea mlango. Na yeye na wenzake, wakifuatilia kaya zile za 1991, walikuta kuwa waliohama jamii zao za awali waliwazidi waliobaki katika ukuaji wa matumizi kwa kiasi cha pointi 36 za asilimia. Ndugu wasikilizaji, tunaposema Kagera imestahimili, sehemu kubwa ya walioepuka umaskini walistahimili kwa kuondoka.

Napendekeza mambo mawili tu, na yote yanawezekana kwa bajeti ndogo. Kwanza, hakuna tasnifu ya idara yetu juu ya majanga itakayopita bila jedwali linaloonyesha ndani ya kaya na kati ya kaya nani alipoteza chakula, kazi, masomo au ardhi, hata kama wastani umepanda. Pili, kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hupita kwa mkuu wa mkoa na wa wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji, lakini matokeo hayarudi kwa njia hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mtu mzima, na una haki ya kuuliza maswali. Mwaka ujao wanafunzi watatu wa uzamili watapeleka Kasulo, wilayani Ngara, matokeo haya niliyowasomea, kwa Kiswahili, yakiwemo yale ya sentimita. Nimewaambia wajiandae kujibu swali litakalokuja kwanza: mlipoyajua haya, mlimwambia nani?