Akili ni Amana: Dhahabu, Ramli na Damu ya Wasio na Hatia

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya akili, na yanatuhusu sana sisi wakazi wa Shinyanga, Kahama, Bukombe na Geita. Ardhi hii ina almasi, iliyogunduliwa Mwadui mwaka 1940, na ina dhahabu. Lakini imenyweshwa damu pia. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika Kanda ya Ziwa, kwa kuwa wapiga ramli waliwaambia watafuta mali kwamba viungo vyao huleta utajiri. Vikongwe nao wameuawa Usukumani kwa kudaiwa kuwa wachawi, na ushahidi ukawa macho mekundu, macho ambayo yamewiva kwa moshi wa jiko la kuni na samadi kwa miaka hamsini.

Sheria haikunyamaza. Septemba 2009 Mahakama Kuu mjini Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Mwaka huo Serikali ilifuta vibali vya waganga, na mwaka 2015 ikapiga marufuku tena wapiga ramli. Swali letu ni jingine: kwa nini mtu mwenye akili timamu huyaamini mambo haya?

Tusiseme upesi kuwa ni ujinga wa wasiosoma. Daniel Kahneman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, na mwenzake Amos Tversky walionyesha kuwa akili ya binadamu, hata ya msomi, hupenda njia za mkato. Jambo linalokumbukwa kwa urahisi hudhaniwa kuwa ndilo linalotokea mara nyingi.

Tutazame maduara yetu. Mchimbaji mmoja alikwenda kwa mganga, akapata dhahabu, akajenga nyumba, na habari yake ikaenea kila kijiwe. Lakini mwenye kutaka ukweli hana budi kuhesabu makundi manne: waliokwenda wakapata, waliokwenda wakakosa, wasiokwenda wakapata, na wasiokwenda wakakosa. Sisi hulihesabu kundi la kwanza tu. Waliokwenda wakakosa waliuza ng'ombe wao, wakaondoka kimya, na hakuna anayewasimulia.

Mwaka 1960 Mwingereza Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawataka wagundue kanuni yake kwa kumtajia namba nyingine tatu tatu. Wengi walidhani ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, na kila walipojaribu waliambiwa ndiyo. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hawakukosa akili, walitafuta tu yale yanayowaunga mkono, wasitafute yale yanayoweza kuwakanusha. Mpiga ramli huishi kwa udhaifu huo. Ukipata, ni dawa yake. Ukikosa, umevunja masharti. Dawa ambayo haiwezi kushindwa kwa lolote haijathibitishwa kwa lolote.

Na lipo swali lililo zito zaidi. Mtoto anapofariki kwa malaria, mbu tunamjua. Lakini moyo wenye msiba huuliza, kwa nini wangu na si wa jirani? Hapo ndipo mpiga ramli humtaja bibi kizee. Uchungu ni wa kweli, lakini jibu ni uzushi, na uzushi huo unaua.

Dini yetu ilikwisha kutufunza. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mambo mawili yalikutana siku moja, na akili ikayafunga kamba. Mtume (S.A.W.) alikuwa na majonzi ya mzazi, na maneno yale yalikuwa yakimtukuza. Hata hivyo aliyakataa, akafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Nayo Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua.

Ndugu zetu, sisi wenyewe tunakiri kosa. Tumekaa matangani tukasikia jina la mama mzee likinong'onwa, tukanywa kahawa yetu tukanyamaza. Tulidhani kunyamaza ni adabu; kumbe mnong'ono usiopingwa huwa hukumu. Kuanzia leo, likitajwa jina la mtu mbele yetu, tuulize kwa sauti: nani amechunguza? Ni wangapi walioambiwa hivyo ikawa uongo? Huyu bibi apika kwa kuni gani? Kisha mmoja wetu aende akaketi barazani kwake jioni ile ile, waonao waone. Na wenzetu wenye ualbino tutembee nao waendapo na warudipo, wasiwe peke yao gizani.

Akili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Tunamuomba Allah (S.W.) atupe akili zenye kuchunguza na ndimi zisizoogopa kusema haki.

Wabillahi tawfiq.